Kabla ya Bweni, Mpeleke Binti Kariakoo na Fedha Mkononi Mwake

Kila mwaka, tangu siku za mwisho za Desemba hadi wiki za kwanza za Januari, Kariakoo hujaa akina mama walioshika fomu za kujiunga na shule. Nyuma yao hufuata mabinti wa miaka 13 na 14 wanaokwenda kuanza kidato cha kwanza bweni. Mama anauliza bei, mama anaomba apunguziwe, mama analipa. Binti anapokea mfuko na kuubeba. Jioni vyote vilivyoandikwa kwenye fomu vimepatikana, tranka limejaa, na nyumba nzima inaona kazi imekwisha.

Mimi naona kazi kubwa ya siku hiyo imerukwa. Baada ya siku chache binti huyo atakuwa peke yake na fedha za matumizi ya miezi kadhaa. Atasimama mbele ya duka la shule na kuamua. Sabuni itakwisha kabla ya wakati, rafiki ataomba mkopo, na mama hatakuwepo wa kuulizwa. Kwa hiyo ushauri wangu kwenu akina mama wenzangu ni huu, na mengine yote yanatoka humo: mwambieni binti kiasi halisi cha fedha mlichonacho, mkabidhini fedha hizo, kisha mwacheni aongee na muuzaji yeye mwenyewe.

Najua sehemu ya kwanza ndiyo ngumu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mfuko wa mzazi hauchunguliwi na mtoto. Tunamficha kiasi kwa kumwonea huruma, au kwa kuogopa kwamba mambo ya ndani yatafika kwa jirani. Lakini mtoto asiyejua kiasi hubuni cha kwake. Ukimkatalia raba alizozipenda, haoni kwamba fedha hazitoshi. Anaona kwamba hutaki. Mwambie waziwazi: “Mwanangu, tuna laki mbili na nusu, na nauli yako ya kwenda shule imo humo humo.” Binti aliyemaliza darasa la saba anaielewa hesabu hiyo. Akishaielewa, haombi tena kila anachokiona. Anaanza kutafuta na wewe namna ya kuzitosheleza.

Usiku wa kuamkia safari

Tangu 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, lakini fomu ya kujiunga na bweni bado ni ndefu: godoro, shuka, chandarua, ndoo, sare, viatu vyeusi, madaftari, rimu ya karatasi, pengine jembe au fyekeo. Kaeni nayo mkekani au mezani. Yeye asome kwa sauti, na yeye aandike. Agawe karatasi mafungu matatu: vilivyopo nyumbani, vya lazima kununua, na vya kutamani.

Fungu la kwanza ndilo linalookoa fedha nyingi. Ndoo yenye mfuniko mzuri, shuka ambazo hazijachakaa, sahani na kikombe, jembe lenye mpini imara: vyote hivyo vinaweza kutoka ndani ya nyumba yenu. Katika fungu la pili, someni masharti neno kwa neno. Kama fomu imetaja rangi ya shuka, urefu wa sketi au aina ya viatu, msibahatishe. Godoro la bweni mara nyingi ni la futi mbili na nusu kwa sita, lakini pigeni simu shuleni mhakikishe, kwa sababu godoro pana halikai kwenye kitanda cha ghorofa.

Kisha chukueni vipimo. Kwa tepu ya fundi pimeni kiuno, nyonga, na urefu kutoka kiunoni hadi chini ya goti. Kwa viatu, asimame juu ya karatasi kisigino kikigusa ukuta, mweke alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Pimeni miguu yote miwili na kufuata ulio mrefu. Mguu wa sentimita 24 kwa kawaida huangukia namba 38, ingawa kila kiwanda kina mkato wake na kujaribu ni lazima. Aandike vipimo vyote kwenye karatasi ile ile ya orodha.

Mwisho, gaweni fedha kwenye bahasha: sare na viatu, vitu vya bweni, nguo za ndani na usafi, vifaa vya kuandikia, nauli na chakula. Ongezeni bahasha moja ndogo ya binti mwenyewe, hata kama ni shilingi 10,000 tu. Hiyo ni ya fungu la kutamani, na ataitumia bila kutoa maelezo kwa mtu yeyote. Bahasha hii itawaepusha na mabishano mengi barabarani, kwani kila atakapoona hereni au chupa ya maji yenye picha, jibu lako litakuwa moja: “Bahasha yako unayo.”

Saa na mpangilio

Nendeni siku ya kazi, si Jumamosi, na mfike asubuhi maduka yanapofunguliwa. Msongamano unakuwa haujakolea, na wauzaji wengi hupenda kufungua biashara kwa kumuuzia mteja wa kwanza hata kwa faida ndogo. Anayetokea upande wa Kimara akipanda mwendokasi hushuka Msimbazi au Gerezani, na kutoka hapo mitaa yote inatembeleka kwa miguu.

Anzeni na vyepesi na mmalizie na vizito. Asubuhi, mkiwa na macho mapya, tafuteni nguo na vitambaa. Viatu viacheni hadi baada ya chakula cha mchana: mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kinachokaa vizuri saa tatu asubuhi kinaweza kubana saa tisa. Tranka, ndoo na godoro zitazameni mtaani kwenu kwanza. Tofauti ya bei na Kariakoo mara nyingi humezwa na nauli ya bajaji au kirikuu.

Kabla hamjaingia kwenye msongamano, kubalianeni mahali pa kukutana mkipotezana, na hakikisha anaijua namba yako kwa kichwa. Fedha zikae sehemu mbili au tatu za mwili, na bahasha itolewe ndani ya duka, si njiani. Mkipita penye watu wanaocheza karata tatu, mweleze bila kusimama: wale wanaoonekana kushinda mara nyingi ni washirika wa mchezeshaji.

Hatua moja nyuma

Sasa mmefika dukani. Kazi yako, mama, ni kusimama hatua moja nyuma na kunyamaza. Mkubaliane ishara tangu nyumbani, kwa mfano kumgusa bega, yenye maana ya “tutoke kwanza tuzungumze.” Zaidi ya hapo, yeye ndiye mteja.

Mfundishe kuanza na salamu, kwa kuwa bei ya mtu aliyesalimia na bei ya mtu aliyerusha swali si lazima zifanane. Mazungumzo yake yaende hivi:

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, mwanangu, karibu.”

“Sketi hii ya bluu, kiuno 26, mnauzaje?”

“Elfu kumi na nane.”

“Ahsante. Naomba nizungukezunguke, nitarudi.”

Aulize kwenye maduka matatu kabla ya kutoa shilingi moja, na aandike kila bei. Akirudi kwa aliyempenda, aseme jambo lenye uzito: “Baba, kule wameniambia elfu kumi na tano. Mimi nachukua mbili. Nifanyie elfu kumi na nne, nalipa sasa hivi.” Ana bei ya jirani, ana idadi, ana fedha mkononi, hizo ndizo hoja zinazomshusha muuzaji. Kulalamika kwamba bei ni kali hakumshushi mtu, maana hilo hulisikia tangu asubuhi hadi jioni.

Mfundishe na adabu ya upande wa pili. Muuzaji naye analipa pango, na machinga wa Mtaa wa Kongo amesimama juani tangu alfajiri. Ukitaja bei yako mwenyewe na muuzaji akaikubali, unanunua. Kumgeuzia mgongo baada ya hapo ni kumvunjia heshima, na binti anapaswa kujua kwamba neno lake sokoni ni ahadi.

Kuna mambo matatu ambayo mama hapaswi kuyafanya dakika hizo. Usimalizie sentensi zake. Usimcheke pamoja na muuzaji. Usimlinganishe na dada yake. Akizidishiwa shilingi elfu moja au mbili, nyamaza, mtazizungumza usiku. Elfu moja iliyopotea leo, wewe ukiwa karibu, ni ndogo kuliko fedha zote za muhula zitakazopotea Machi akiwa hana wa kumwelekeza. Ingilia kati kwa mambo mawili tu: muuzaji akimkosea heshima, au binti akitaka kulipia kitu chenye kasoro ambayo hajaiona.

Kariakoo ni soko la jumla kabla ya kuwa la rejareja, na humo mna nafuu ambayo wengi huiacha. Kama mtaani kwenu kuna mabinti watatu wanaoanza kidato cha kwanza, akina mama unganeni kwa vitu vinavyofanana: madaftari, sabuni, soksi, taulo za kike. Mnunue kwa dazani au kwa katoni, mgawane nyumbani. Waacheni mabinti wenyewe wapige hesabu ya kila mmoja.

Macho na vidole

Kitambaa kisomwe kwa mkono. Binti akikunje ndani ya kiganja, abane kwa muda mfupi kisha aachie: pamba tupu hubaki na mikunjo, polista hunyooka. Sketi ya shule yenye mchanganyiko wa vyote viwili hudumu na haihitaji pasi kila siku, lakini shati na fulana ziwe na pamba nyingi kwa sababu ya jasho. Asugue upande wa ndani kwa kitambaa cheupe chenye unyevu ili aone kama rangi inachuja. Atazame pindo: sketi yenye pindo la vidole vitatu inaweza kushushwa mwakani, na kwa msichana wa miaka 13 hilo ni jambo la lazima.

Kwa kiatu, avae vyote viwili na soksi atakazozivaa shuleni, asimame, atembee. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Akikunje kiatu mbele: kijikunje pale vidole vinapoanzia, si katikati ya wayo. Atazame kama soli imeshonwa au imegundishwa tu, kwa kuwa kiatu hicho kitakanyaga matope ya masika.

Mitumba nayo ina nafasi yake. Binti anayepangiwa shule Njombe, Makete au Mbeya anakwenda kwenye baridi ambayo aliyekulia Dar es Salaam haijui, hasa Juni na Julai. Sweta nzito na blanketi nzuri hupatikana kwa bei nafuu kwenye soko la mitumba la Karume, Ilala. Anyanyue sweta kwenye mwanga aone matundu, ajaribu zipu mara kadhaa, atazame makwapa na mishono. Muuzaji wa mitumba hatoi nafasi ya kurudisha, kwa hiyo ukaguzi wote unafanyika pale pale.

Nguo za ndani ni habari nyingine. Hizo zinunuliwe mpya. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, limepiga marufuku kuingiza na kuuza nguo za ndani za mitumba kwa sababu za kiafya, hata kama bado utaziona zimetandazwa chini. Chupi ziwe za pamba na zitoshe wiki nzima bila kufua, maana maji ya bweni hayana ratiba ya uhakika. Kwa sidiria, pimeni mzunguko wa kifua chini ya matiti, kisha juu ya sehemu iliyojaa zaidi. Kipimo cha kwanza kinatoa namba, na tofauti ya vipimo hivyo viwili inatoa herufi: inchi moja ni A, mbili ni B, tatu ni C. Mkanda ukae usawa mgongoni bila kupanda juu. Hapa tafuteni duka lenye muuzaji mwanamke na pa kujaribia, na hapa tu mama usogee mbele kama binti anaona haya.

Mazungumzo ya mezani

Mchana tafuteni kwa mama ntilie mtulivu, mle wali na maharage, mpumzishe miguu. Ndio wakati mzuri wa kuzungumza yale ambayo nyumbani huwa hayapati nafasi, kwa kuwa orodha yenyewe inayadai.

Hedhi iko kwenye orodha. Hata kama hajaanza, anaweza kuanzia bweni, kwa hiyo mpigie hesabu bila kunong’ona. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa nne hadi nane. Tuseme nne kwa siku kwa siku tano: hizo ni 20, yaani pakiti tatu za pedi nane nane kila mwezi. Kwa miezi mitano ni pakiti 15. Kama fedha haziruhusu, taulo za kufua zenye ubora hufaa, mradi awe na sabuni na mahali pa kuzianika juani; jua ni sehemu ya usafi wake, si anasa. Mwambie pia nani wa kumwendea shuleni zikimwishia: matroni, au mwalimu wa malezi.

Jambo la pili ni krimu. Kariakoo atapita mbele ya meza zilizojaa vipodozi vya kung’arisha, na muuzaji ataweza kumwambia usoni kwamba akipaka hiki atapendeza zaidi. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Zebaki hupenya kwenye ngozi na kudhuru figo. Haidrokwinoni ikitumiwa muda mrefu huiachia ngozi madoa meusi ambayo ni magumu kuondoka. Msomee maandishi ya kwenye kopo, umwonyeshe kwamba bidhaa isiyotaja viambato vyake hainunuliwi. Kisha mwambie alivyo mzuri na rangi yake. Asikie kwa mama yake kabla hajasikia kinyume chake kwa muuzaji au kwa wenzake bwenini.

Mkinyanyuka, mpitisheni mbele ya jengo la Soko Kuu. Lilifunguliwa 1975, na mchoro wake, wenye paa la zege lililosimama kama miavuli mikubwa, ni wa msanifu Mtanzania, Beda Amuli. Moto wa Julai 2021 uliliunguza, na likafanyiwa ukarabati. Binti anayekwenda kukutana na hesabu za sekondari aambiwe akiwa amesimama pale pale kwamba paa lile lilianza kwenye karatasi ya mtu aliyezisoma hesabu hizo.

Malipo

Kwa kila malipo ya dukani, binti adai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Sheria inambana muuzaji aitoe na inambana mnunuzi aidai, na risiti yenye jina la duka na tarehe ndiyo itakayomsaidia kiatu kikifumuka ndani ya wiki. Asome kiasi kilichoandikwa: mara nyingine risiti hutoka na tarakimu ndogo kuliko aliyolipa. Chenji aihesabu juu ya meza ya muuzaji, kabla ya kugeuka. Noti kubwa azinyanyue kwenye mwanga aione sura ya Mwalimu Nyerere iliyofichwa ndani ya karatasi, na auone uzi wa usalama. Kama analipa kwa Lipa Namba, asome jina linalojitokeza kwenye simu kabla ya kubonyeza namba ya siri, na asiondoke kabla ujumbe haujaingia.

Usiku, kabla ya kulala

Miguu itauma na nyote mtataka kulala. Jipeni nusu saa kwanza. Binti amwage bahasha zote, atandaze risiti, aandike kwenye daftari: kilichonunuliwa, kilichopangwa, kilicholipwa. Yeye ndiye aseme ni wapi aliokoa na wapi alizidishiwa. Wewe uliza maswali mawili tu: ni kitu gani ungekinunua tena kwa bei ile ile, na ni kipi ungekiacha? Kama bahasha yake ndogo iliishia kwenye hereni zilizokatika kabla ya jioni, usiseme “nilikwambia.” Ameshaambiwa na hereni.

Kilichobaki kwenye bahasha alizozisimamia vizuri, mpe. Kisha tumieni njia ile ile kugawa fedha zake za muhula. Kama anaondoka na shilingi 40,000 za wiki 16, hiyo ni 2,500 kwa wiki. Toeni kwanza sabuni, dawa ya meno na akiba ya dharura. Kinachosalia ndicho cha mandazi. Aamue mapema, akiwa nyumbani, ni kiasi gani anaweza kumkopesha rafiki na ni kwa mara ngapi, ili siku ya kuombwa awe na jibu tayari.

Daftari hilo alitie kwenye tranka pamoja na mengine, na aandike humo kila anachokitumia. Akirudi likizo lifungueni pamoja kabla hujampa fedha nyingine. Pale ambapo hesabu haikwenda sawa, mwulize sababu kwa upole na umsikilize hadi mwisho. Orodha ya muhula unaofuata aiandike yeye, na safari hii akuambie mwenyewe ni kiasi gani kitamtosha.